Nyumba Salama Inahitaji Watu wa Kurudi

Desemba ikifika na shule zikishafungwa, wapo wasichana wa mkoani Mara wanaotoroka makwao. Kwa desturi za koo nyingi za Wakurya, ukeketaji hufanyika zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na hupangwa wakati wa likizo ili vidonda vipate muda wa kupona kabla ya masomo kuanza Januari. Msichana akisikia kwamba wazee wa mila wameshatoa ruhusa na ngariba ameshaitwa, ana siku chache tu za kuamua. Wengine hutembea usiku. Wengine huelekezwa na shangazi, mwalimu au mchungaji mahali pa kukimbilia: Mugumu wilayani Serengeti, Butiama, au Masanga wilayani Tarime. Huko wapo watu wanaowapokea, wanaowalisha na kuwalinda mpaka msimu upite.

Nyumba salama ambayo Oktoba ilikuwa na wasichana wachache hujikuta Desemba ina mamia. Lazima apatikane wa kuwasha moto alfajiri na kupika uji, wa kuandika majina, wa kujua nani ana homa na nani hajala tangu jana. Lazima apatikane pia wa kusimama langoni baba anapofika na wazee wawili kumdai binti yake. Waajiriwa wa nyumba hizi ni wachache na hawawezi kuyafanya yote. Pengo hilo huzibwa na watu wa kujitolea: walimu walio likizo, wauguzi, wanawake wa makanisa ya jirani, wasichana waliowahi kukimbilia hapohapo na sasa wamekua.

Kujitolea katika nyumba salama husifiwa sana na huchunguzwa kidogo. Tumezoea kuuliza kama mtu ana moyo. Naona swali hilo halitoshi, na wakati mwingine limeleta madhara. Mwanamke aliyekimbia kipigo, au mtoto aliyekimbizwa na mama yake saa nane za usiku, anahitaji mtu anayejua la kufanya, anayefunga mdomo, na ambaye akisema atakuja Jumatano, Jumatano anaonekana. Sifa hizo tatu hazipatikani kwa huruma peke yake. Hufundishwa, husimamiwa na hugharamiwa.

Tukirudi nyuma kidogo, karibu nyumba zote za namna hii zilianzishwa na watu wasiolipwa. Ile iliyofunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971, ambayo hutajwa sana kuwa miongoni mwa za kwanza za zama hizi, ilianzia kwenye kijumba ambako wanawake walikutana tu kuzungumza, mpaka alipokuja mmoja asiyeweza kurudi kwake. Kijiji cha Umoja huko Samburu, Kenya, kilianzishwa mwaka 1990 na Rebecca Lolosoli pamoja na wanawake wenzake, wakajizungushia ua wa miiba na kujikimu kwa shanga walizowauzia watalii. Huko Narok, Agnes Pareyio alikuwa ametembea kwa miguu toka kijiji hadi kijiji akifundisha madhara ya ukeketaji kabla kituo cha Tasaru hakijafunguliwa mwaka 2002. Mugumu nako, nyuma ya jina la Rhobi Samwelly, aliyeongoza nyumba salama ya huko na ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni, kuna wanakijiji wengi ambao majina yao hayajawahi kuandikwa popote. Mipango ya serikali ilikuja baadaye. Tanzania ilipotoa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ule unaoitwa MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, nyumba kadhaa zilikuwa zimeshapokea wasichana kwa miaka.

Nyumba hizi hazifanani, na hapo ndipo wengi hukosea wanapozungumzia wajitoleaji kama kundi moja. Zipo zilizofichwa, hasa mijini: nyumba ya kawaida ndani ya geti la kawaida, bila bango, majirani wakidhani ni familia kubwa. Usalama wake wote ni siri. Katika nyumba ya namna hiyo mjitoleaji mmoja mwenye maneno mengi ni hatari kuliko geti bovu, kwa hiyo ni haki yao kuchagua watu wachache mno na kukataa wageni. Zipo nyingine zinazojulikana na kila mtu, kama za Mara na Narok. Mwendesha bodaboda yeyote wa Mugumu atakufikisha mlangoni. Hizo ulinzi wake ni polisi, afisa ustawi wa jamii, na jina jema mbele ya watu. Mjitoleaji wao anatakiwa awe mwenyeji, anayeheshimika, anayeweza kukaa na wazee wa ukoo kwa lugha yao wakaelewana. Umoja ni aina ya tatu: hawajifichi wala hawategemei dola, wanategemea wingi wao na uchumi wao. Mtu anayefaa mahali pamoja anaweza kuwa mzigo mahali pengine.

Chukua usiku wa mapokezi. Mwanamke anashuka kwenye pikipiki ya polisi au gari la mwenyekiti wa mtaa, khanga moja kiunoni, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, miguu peku. Mjitoleaji wa zamu anafungua. La kwanza linalomjia kila mtu mwema ni kumpa maji aoge, abadilishe nguo, apumzike. Lakini kama mwanamke huyo amebakwa, maji hayo yanaweza kufuta ushahidi, na nguo zinazoloweshwa kwenye beseni ndizo ambazo daktari na mahakama wangezihitaji. Tena kuna saa inayokimbia: dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima ianze ndani ya saa 72. Aliyefundishwa atamsemesha kwa upole, "Pole mama, karibu, hapa umefika," kisha atamweleza kwa nini ni vema waende kwanza hospitali na dawati la jinsia la polisi kwa ajili ya fomu ya PF3, halafu maji, chai na kitanda. Kama mwanamke mwenyewe hataki kwenda, uamuzi ni wake, na mjitoleaji atauheshimu. Hatamuuliza alichofanya mpaka akapigwa. Hatamuuliza kwa nini hakuondoka mapema.

Halafu kuna simu. Mume anapiga mara ishirini, ndugu wanatuma ujumbe wa kuomba yaishe, na simu yenyewe inaweza kuwa inaonyesha mahali ilipo bila mwenyewe kujua. Kuna na watoto. Mtoto wa miaka sita anampenda baba yake hata kama jana alimwona akimburuza mama, na akipata simu ya mtu atapiga kumwambia baba tuko mahali penye mwembe mkubwa karibu na msikiti. Mjitoleaji aliyeacha simu yake mezani hakukusudia ubaya wowote.

Watoto ndio nusu ya nyumba, na mara nyingi ni zaidi ya nusu, lakini hupangwa kana kwamba walimfuata mama tu. Wapo wanaoficha vipande vya chapati chini ya godoro kwa sababu hawaamini kwamba kesho kutakuwa na chakula. Wapo waliorudia kukojoa kitandani wakiwa na miaka kumi. Kuna suala la shule pia, ambalo nje ya nyumba hizi sijasikia likizungumzwa sana: mtoto akihamia shule ya karibu na nyumba salama, barua ya uhamisho hutaja anakokwenda, na baba mwenye haki zote za mzazi machoni pa mwalimu mkuu anaweza kuingia ofisini na kuuliza. Afisa ustawi wa jamii na afisa elimu wakielewana, jambo hilo huendeshwa kimyakimya. Wasipoelewana, mtoto hukaa miezi bila darasa, na hapo mwalimu mstaafu anayekuja siku tatu kwa wiki kufundisha kusoma na hesabu sebuleni anakuwa na thamani kuliko marobota ya nguo.

Mwalimu huyo, hata hivyo, afundishe kusoma na hesabu tu. Hatari kubwa ya mjitoleaji mwenye mapenzi ni kutaka kumfungua mtoto moyo. Anamkalisha, anamuuliza nani alimfanyia nini, anamuuliza tena kesho, na mjitoleaji mwingine anamuuliza keshokutwa. Kila mara mtoto anarudia maumivu yaleyale. Kila mara pia maelezo yanabadilika kidogo, kama yanavyobadilika maelezo ya mtoto yeyote, na wakili wa mshtakiwa atakuja kuyashika mabadiliko hayo mahakamani. Maelezo ya mtoto yachukuliwe na aliyefunzwa, mara chache iwezekanavyo. Wengine wote kazi yao ni kumpeleka mahakamani siku moja kabla ili aone mahali atakaposimama, kumbebea maji na biskuti, na kukaa naye koridoni kesi inapoahirishwa, maana itaahirishwa. Kumfundisha cha kusema ni mwiko.

Sasa nije kwa wanaokuja mara moja. Kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10 huwa kuna Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, na Machi 8 kuna Siku ya Wanawake. Siku hizo nyumba hupokea unga, sabuni, pedi na wageni wenye fulana zinazofanana. Vitu hivyo vinahitajika kweli, na mtoaji anastahili shukrani yake. Tatizo ni kamera. Mwanamke aliyejificha anaombwa asimame kwenye mstari apokee ndoo mbele ya wapiga picha, na akikataa anaonekana hana adabu. Kuziba uso kwa kivuli hakusaidii mtu ambaye mume wake analijua gauni lake, kovu lake na mtoto aliyesimama pembeni. Nyumba inayoogopa kumkatalia mfadhili picha imeshaanza kuwauza wakazi wake. Na Agosti, unga ule ukiwa umekwisha, hakuna anayebisha hodi.

Wajitoleaji wa muda mfupi kutoka ng'ambo wana tatizo lao. Afrika Mashariki imekuwa soko kubwa la vijana wanaolipa mashirika ya usafiri ili wakacheze na watoto wiki mbili, kisha waendelee Serengeti au Zanzibar. Mtoto aliyekwisha kuachwa na wazazi huzoea mtu, humwita dada, halafu dada anapanda ndege. Wiki inayofuata anakuja mwingine. Wataalamu wa malezi wamelieleza jambo hili kwa miaka, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto lililogusa waziwazi madhara ya utalii wa kujitolea katika vituo vya watoto. Kenya ilikuwa imeshasimamisha mwaka 2017 usajili wa vituo vipya vya watoto, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga watoto walelewe katika familia badala ya vituo.

Kuna baya kuliko kuzoeana na kuachana. Kijana mmoja wa Oklahoma, Marekani, aliyekuwa akija kujitolea katika makazi ya watoto Nairobi, alipatikana na hatia mwaka 2015 ya kuwadhulumu kingono watoto wa hapo, na mwaka 2016 mahakama ya kwao ilimhukumu kifungo cha miaka 40. Alikuwa na barua nzuri, dini nzuri na tabasamu zuri. Jambo hili lisidhaniwe kuwa ni la wageni peke yao. Mwenye nia mbaya hutafuta mahali penye watoto wasio na watetezi, na neno kujitolea humfungulia milango ambayo ajira ingeifunga. Kwa hiyo nyumba inayodai barua ya polisi, wadhamini wawili wanaopigiwa simu kweli, na kanuni kwamba hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto peke yake chumbani, haimdharau mtu. Anayekasirika kwa kuulizwa maswali hayo amejibu tayari.

Kosa letu sisi wenyeji ni la aina nyingine. Tunakuja na ushauri. Mama wa kanisa anakaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia binti wa miaka ishirini na mbili kwamba ndoa ni kuvumiliana, kwamba hata yeye alipigwa na leo ana wajukuu. Shehe au mchungaji anaitwa ili apatanishe. Ndugu wanamsihi afikirie watoto. Haya yanasemwa kwa upendo, na ndiyo yanayomrudisha mwanamke kwenye nyumba ambako, kama wanavyojua wote wanaofanya kazi hii, hatari huongezeka hasa pale anapojaribu kuondoka au mume anapogundua alishaondoka. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Zaidi ya nusu karne baadaye bado tunamfundisha aliyepigwa jinsi ya kustahimili. Akiamua kurudi kwake, arudi kwa akili yake, akijua namba ya kupiga na mahali pa kukimbilia tena, na lango lisimnunie akija mara ya pili au ya nne.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaonekana katika takwimu za taifa. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ulionyesha 27. Kupungua huko ni habari njema ya kweli, na siipuuzi. Lakini 27 katika kila 100 ni mamilioni ya watu, na hakuna idadi ya vitanda itakayowatosha. Ndiyo maana kujitolea kwenye maana zaidi mara nyingi kuko nje ya kuta za nyumba yenyewe.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni ramani. Polisi na waokoaji wa Serengeti walikuwa wakipigiwa simu kwamba msichana fulani anakeketwa kesho kijiji fulani, na kijiji hicho hakikuwa kwenye ramani yoyote ya kutumika. Barabara za vumbi hazina majina wala alama. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Crowd2Map, ambamo watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wengi wao hawajawahi kuikanyaga Mara, walichora barabara na nyumba kwa kutazama picha za setilaiti, kisha wenyeji wenye simu wakaongeza majina ya vijiji, shule na zahanati. Gari la uokoaji likapata njia. Hakuna mtoto aliyepigwa picha, hakuna aliyezoeshwa mgeni. Mtu alikaa kwake, akafanya jambo moja kwa usahihi, na kesho yake akalifanya tena.

Karibu zaidi na nyumbani, kuna familia za kuaminika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu mtoto aliye hatarini kukabidhiwa kwa mtu aliyethibitishwa kuwa anafaa, na ustawi wa jamii huandikisha kaya zilizo tayari kumpokea mtoto usiku wa dharura, akae siku au majuma mpaka hatima yake ijulikane. Mtoto analala katika nyumba yenye baba na mama, anakula na watoto wengine, wala habebi jina la kituo. Kuna wasaidizi wa kisheria pia, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi: mwanakijiji aliyefunzwa, asiye wakili, anayemwandikia mwanamke barua, anayemweleza tofauti ya baraza la usuluhishi na mahakama ya mwanzo, anayemkumbusha tarehe. Wengi wao hawana mshahara.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Kazi hii hufanywa zaidi na wanawake, na wengi ni wanawake ambao wenyewe hawana kitu. Kumwita mtu mjitoleaji huku akikesha usiku sita kwa wiki bila nauli wala bima, akisikia habari ambazo zinamkosesha usingizi, ni kumdhulumu kwa lugha ya heshima. Posho ya usafiri, chakula cha zamu, na mtu wa kumsikiliza yeye baada ya usiku mbaya ni gharama za lazima, na zinapaswa kuwa kwenye bajeti. Bajeti ya nani? Halmashauri zinatumia nyumba hizi kila siku. Polisi huleta watu, mahakama huagiza watoto wahifadhiwe huko, ustawi wa jamii huwapigia simu wenye nyumba saa saba za usiku. Kisha unga hutafutwa kwa wafadhili, na mfadhili akiondoka lango hufungwa. Mlinzi wa usiku, mhudumu aliyesomea na chakula cha msingi vilipwe kwa kodi za wananchi kama inavyolipwa zahanati, na kujitolea kubaki kwa yale ambayo mshahara hauwezi kuyanunua vizuri: urafiki wa muda mrefu, ujirani, kusindikiza.

Hitaji la kusindikiza ni kubwa zaidi siku ya kutoka. Huko Mara, msimu ukipita, mzazi huitwa mbele ya polisi na afisa ustawi wa jamii akatia saini kwamba hatamkeketa binti yake, ndipo binti hurudishwa. Wengi hupokelewa. Wapo ambao wazazi hukataa kabisa, na hao hubaki kwa miaka, wakisoma au kujifunza kushona. Baada ya kurudishwa anahitajika mtu wa kijijini anayepita nyumbani hapo kwa salamu za kawaida, mwezi hadi mwezi, na kuona kama binti bado anakwenda shule. Mijini tatizo ni chumba. Mwanamke amepata kibarua cha kupika au mtaji wa kuuza maandazi, lakini mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mdhamini, na maelezo ya mume yuko wapi. Wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA wanaokubali kumdhamini, kumkopesha kodi ya kuanzia na kumpa zamu sokoni wamefanya kazi ambayo nyumba salama, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuifanya. Kwa anayetaka kuanza, mlango wa kwanza ni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yake, na swali la kwenda nalo ni hili: nani ametoka mwezi huu, na anahitaji nini katika miezi sita ijayo?